Mafundi wa Waya: Kutoka Chemba ya Charpak hadi Mashine Isiyojengwa Bado

Julai 2019 nilikuwa miongoni mwa walimu wa fizikia waliokwenda CERN, maabara ya fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa mafunzo ya wiki mbili. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe, LHC, ilikuwa imezimwa tangu Desemba iliyotangulia kwa matengenezo, kwa hiyo tuliteremshwa kwa lifti mita mia hivi chini ya ardhi, tukaviona vigunduzi vikiwa vimepasuliwa matumbo. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Kitu kilichonikaa mimi rohoni hakikuwa huko chini. Kilikuwa juu, mezani kwa fundi mmoja Mwitalia aliyekaribia kustaafu: fremu ngumu yenye ukubwa wa sinia la chai, iliyotandwa nyaya nyembamba hata ukiikabili uso kwa uso huoni kitu. Sharti uiinamishe, mwanga uipige ubavuni. Akatuuliza, hiki ni nini? Mwenzetu mmoja akasema chujio. Mimi nikasema ganuni.

Sikuwa nafanya mzaha. Mchana nasomesha fizikia sekondari mjini Unguja, na usiku kukiwa na shughuli napiga ganuni kwenye kikundi cha taarab. Ala yangu ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na kabla hatujaanza mimi ndiye wa kwanza kufika ukumbini, maana kuzikaza zote kwa ufunguo si kazi ya dakika tano. Fundi yule alipofahamishwa ganuni ni kitu gani, akacheka, kisha akanambia kwamba hata wao huzikaza nyaya zao na kuzisikiliza. Hawatumii masikio. Wanasogeza sumaku karibu na waya, wanapitisha umeme unaogeuka-geuka, wanaubadilisha kasi taratibu mpaka waya uanze kutikisika wenyewe. Kasi hiyo ndiyo sauti ya waya, na sauti ikishajulikana, mkazo wake unajulikana.

Usiku ule nilipiga hesabu kwa kanuni ile ile ninayoandika ubaoni kila mwaka. Waya wa tangsteni wenye unene wa mikromita 20 (unywele wa kichwa una kama 70), urefu wa nusu mita, ukivutwa na uzito wa gramu 50, unatetemeka mara 280 na kitu kwa sekunde. Hiyo ni re ya katikati, imelegea kidogo. Nilijihisi nimefika nyumbani.

Fremu ile ilikuwa kigunduzi cha chembe, na historia ya vigunduzi hivi kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya chembe zilizogunduliwa na ya waliopewa tuzo. Mimi napenda kuifuata kwa waya wenyewe, kwa sababu waya una mikono nyuma yake.

Waya mmoja peke yake ni wa zamani. Mwaka 1908 huko Manchester, Ernest Rutherford na Hans Geiger waliuweka katikati ya bomba lenye gesi na kuutia umeme wa nguvu. Chembe yenye chaji ikipita ndani ya gesi inabandua elektroni chache. Elektroni zinakimbilia waya, na kwa kuwa waya ni mwembamba, nguvu ya umeme karibu na ngozi yake ni kali mno. Hapo elektroni moja inabandua nyingine, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, mpaka linaporomoka jeshi zima na waya unapata mshtuko unaopimika. Wembamba ndio siri: waya ukiwa mnene, maporomoko hayatokei. Lakini bomba lile lilikuwa linasema tu kwamba kitu kimepita. Halikusema kimepita wapi wala kimekwenda upande gani.

Nyayo zenyewe zilionekana kwanza kwenye ukungu. C.T.R. Wilson, Mskoti, alikaa wiki mbili kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894 akastaajabia mawingu, akarudi Cambridge kujaribu kuyatengeneza ndani ya chupa. Kufikia 1911 alikuwa amepiga picha za michirizi ya matone inayofuata chembe. Wanafunzi wangu hutengeneza chemba ya wingu kwa tangi la samaki, spiriti na barafu kavu, na kila mwaka yupo mmoja atakayesema inafanana na ndege ya juu sana inayokata anga. (Neno chemba huwachekesha kwanza, kwa sababu mtaani chemba ni ya maji machafu. Nawaachia wacheke.)

Kisha mwaka 1952 Donald Glaser, Mmarekani, akageuza jambo: badala ya matone ndani ya hewa, viputo ndani ya kimiminika kinachokaribia kuchemka. Chemba za viputo zilikua haraka. Ile ya Gargamelle, iliyotengenezwa Ufaransa, ilibeba mita za ujazo 12 za freoni, na mwaka 1973 picha zake zilithibitisha mikondo isiyo na chaji ya nguvu dhaifu. Tangi lake sasa limelazwa bustanini CERN kama meli iliyopandishwa pwani. Nililigusa.

Picha hizo zilikuwa mamilioni, na macho ya kuzitazama yalikuwa ya wanawake. Maabara za Ulaya na Marekani ziliwaajiri, wengi wao bila shahada ya fizikia, wakae kwenye meza za kumulika filamu, zamu kwa zamu, wakitafuta mchirizi uliopinda isivyo kawaida. Bristol, kwenye kundi la Cecil Powell lililogundua pioni mwaka 1947 kwa sahani za picha, palikuwa na ada moja naipenda: picha ya tukio ikichapishwa, jina la mwanamke aliyeliona liliandikwa chini yake. Kwingine walibaki kuitwa wasichana wa filamu. Tuzo ya Nobel ya 1950 ilikwenda kwa Powell peke yake.

Tatizo la chemba ya viputo lilikuwa mwendo. Ilipiga picha chache tu kwa sekunde, na filamu zikasubiri macho miezi. Mashine zikawa zinatoa chembe nyingi kuliko yeyote anavyoweza kutazama.

Hapo anaingia Georges Charpak. Alizaliwa mwaka 1924 sehemu ya Poland ambayo leo ni Ukraine, akaletwa Ufaransa akiwa na miaka saba. Wakati wa vita alijiunga na upinzani, akakamatwa, na mwaka 1944 akapelekwa kambi ya Dachau. Alitoka hai, akasoma uhandisi wa migodi kisha fizikia katika maabara ya Frédéric Joliot-Curie, na mwaka 1959 akaingia CERN. Mwaka 1968, pamoja na Roger Bouclier na wengine, alitandaza nyaya nyingi sambamba kwenye fremu ya sentimita 10 kwa 10, akazifungia ndani ya gesi, na kila waya akaupa amplifaya yake.

Msomaji atauliza: jambo jepesi hivyo lilichukua miaka 60 tangu bomba la Geiger kwa nini? Nami niliuliza. Jibu lake atalielewa upesi mpiga ganuni. Ukiupiga uzi mmoja, walio jirani wanaitikia. Mafundi wa umeme waliamini hivyo hivyo kuhusu nyaya: ukiziweka karibu karibu bila ukuta kati yao, mshtuko wa mmoja utavuja kwa majirani na hutajua chembe imepita wapi. Charpak aliona kwamba majirani wanaitikia kweli, lakini wanaitikia kinyume. Ioni zinazoondoka kwenye waya uliopigwa zinauachia waya huo mshtuko wa hasi na kuwapa majirani mshtuko wa chanya. Basi huhitaji ukuta. Unasikiliza hasi tu. Jambo la pili lilikuwa la sokoni: transista zilikuwa zimeshakuwa rahisi kiasi kwamba amplifaya moja kwa kila waya haikuwa tena wazimu.

Ghafla badala ya picha chache kwa sekunde, kila waya uliweza kuhesabu chembe mamia ya maelfu kwa sekunde, na habari zikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Wale wanawake wa filamu kazi yao ikaanza kuelekea ukingoni, ingawa iliendelea miaka mingi. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na sijaona sherehe yoyote ikilitaja.

Kutoka fremu ya sentimita 10 hadi chemba za mita kadhaa haikuwa suala la kununua waya mrefu zaidi. Nyaya zilizotiwa umeme wa aina moja zinasukumana. Ukiwa mfupi waya unavumilia. Ukiwa mrefu, mmoja unasogea juu, wa pili chini, wa tatu juu, mpaka safu nzima inakuwa kama meno ya msumeno. Dawa ni kukaza zaidi, lakini waya wa mikromita 20 ukiuongezea kidogo tu juu ya gramu zile 50 unaanza kukaribia kukatika. Walipitisha nyuzi za nailoni katikati ili kuzishika. Kwenye mashine ya ISR, ya kwanza kugonganisha protoni kwa protoni, iliyoanza CERN mwaka 1971, kigunduzi kimoja kilikuwa na nyaya 70,000. Fikiria ganuni elfu moja zinazotakiwa kukazwa sauti moja, na usiku wa shughuli ni kesho.

Gesi nayo ilikuwa na visa vyake. Kundi la Charpak lilipata mchanganyiko wa agoni, aisobutani na freoni kidogo uliotoa mshtuko mkubwa ajabu, wakauita gesi ya uchawi. Uchawi ukadai malipo: baada ya muda, aisobutani iliyopigwa na umeme ilijenga utando wa plastiki juu ya nyaya, na chemba ikaanza kupiga kelele yenyewe bila chembe yoyote. Wenyewe husema chemba imezeeka. Ikabidi watie mvuke mwingine wa kuzuia utando. Kila nikisikia kijana anasifia kifaa kwa siku yake ya kwanza, nakumbuka gesi ya uchawi.

Wajerumani wa Heidelberg, karibu na mwaka 1970, walileta wazo lililoruhusu nyaya zikae mbali mbali: usipime tu waya gani umepigwa, pima na muda. Elektroni ndani ya gesi inatembea kama sentimita 5 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukijua imechukua muda gani kufika, unajua imetoka umbali gani, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Kwa chemba za namna hii, mwaka 1983 kigunduzi cha UA1 kilionyesha chembe ya W. Kwa ugunduzi huo Carlo Rubbia na Simon van der Meer wakapata Nobel mwaka uliofuata. Ya Charpak ilisubiri hadi 1992.

Sasa nataka msomaji aangalie tarehe kidogo, kwa sababu ndipo kazi hii inapotofautiana na kazi nyingine nizijuazo. Machi 1984, huko Lausanne na Geneva, wanafizikia walikutana kujadili mashine ya protoni ya kuwekwa ndani ya handaki la kilomita 27. Kazi ya handaki lenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, tena kwa ajili ya mashine nyingine, LEP, ambayo haikuwashwa mpaka 1989. Mashine waliyoijadili ndiyo LHC, na mwali wake wa kwanza ulizunguka Septemba 2008. Aliyekuwa na miaka 35 siku ya mkutano alikuwa anakaribia 60.

Katikati hapo kuna maiti. Marekani walikuwa wanachimba handaki la kilomita 87 huko Waxahachie, Texas, kwa mashine yao ya namna hiyo hiyo. Oktoba 1993 Bunge lao likakata fedha, handaki la kilomita 20 na ushei likiwa limeshachimbwa. Na Ulaya kulikuwa na chemba ndogo za gesi zenye vipande vya metali vilivyochorwa juu ya kioo badala ya waya, alizozivumbua Anton Oed huko Grenoble mwaka 1988. Kwa miaka kumi makundi mengi yalizitayarisha kwa ajili ya CMS, kimoja cha vigunduzi vya LHC. Zilikuwa na kasi, zilikuwa nzuri kutazama, na cheche moja iliweza kukikata kipande kama kisu. Mwishoni mwa 1999 CMS waliziacha, wakachagua silikoni tupu, mita za mraba 200 hivi. Miaka kumi ya watu, vitabu vya tasnifu, yote rafuni. Nimesoma nao wachache walioandika tasnifu hizo. Hawana uchungu, au wameshauzoea. Fabio Sauli, aliyekuwa na Charpak zamani, alishatoa mwaka 1997 karatasi nyembamba yenye vitundu inayoshiba umeme bila kujikata, na hiyo ipo ndani ya vigunduzi leo.

Silikoni sitaisimulia kwa urefu. Ni historia ya viwanda zaidi ya mikono. Itoshe kwamba kufikia miaka ya 2000 wengi waliamini waya umekwisha, isipokuwa kwenye ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, ambako karibu mirija 300,000 kama ya kunywea soda, kipenyo milimita 4, kila mmoja na waya wake wa tangsteni uliopakwa dhahabu, ilikaa kuzunguka silikoni yake.

Halafu waya umerudi. Mashine inayofikiriwa baada ya LHC, FCC, itahitaji handaki la karibu kilomita 91. Uchunguzi wake ulianza 2014, ripoti kubwa ikatoka Machi 2025, na ikikubaliwa mwali wa kwanza ni miaka ya 2040. Awamu yake ya kwanza itagonganisha elektroni na positroni, na huko tatizo si wingi wa chembe kama LHC. Tatizo ni kuziona bila kuzisumbua. Kila kitu unachokiweka njiani, hata ngozi ya silikoni, kinaisukuma chembe kidogo, na nyayo unazozipima ni za chembe uliyoisukuma mwenyewe. Basi kimojawapo cha vigunduzi vinavyopendekezwa, IDEA, kina chemba kubwa ya waya yenye urefu wa mita 4 na kipenyo cha mita 4, iliyojaa heli asilimia 90 na aisobutani asilimia 10. Nyaya zaidi ya 340,000 kwa tabaka 112, na ndani ya hizo 56,000 hivi ndizo za kusikiliza. Zilizobaki za kupanga umeme. Wanataka hata kuhesabu kila kishada cha elektroni kinachogusa waya, kimoja kimoja, ili wajue si njia tu bali ni chembe ya aina gani.

Ukoo wake unajulikana. Babu ni chemba ya KLOE huko Frascati, nje ya Roma, ya mwisho wa miaka ya 1990, nyaya 52,000 ndani ya kuta za kaboni. Baba ni ya MEG II, iliyotandwa kwa roboti Lecce, ikaunganishwa Pisa, ikapelekwa Villigen, Uswisi, mwaka 2018. Nayo ndiyo inayonigusa. Wakati wa kuunganisha, nyaya za alumini zilizopakwa fedha zilianza kukatika. Walipozitazama kwa hadubini wakakuta kutu: unyevu wa hewa umeingia kwenye nyufa za fedha na kuila alumini chini yake. Ikabidi chemba ihifadhiwe kwenye hewa kavu kabisa.

Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Unguja pepo za kusi zikivuma unyevu unatembea ndani ya nyumba kama mgeni aliyezoea. Nyuzi za besi za ganuni yangu, zile zilizozungushiwa waya mwembamba, zinageuka kijani kabla hazijazeeka sauti. Mwalimu wangu wa ganuni, Mungu amrehemu, alikuwa anaziweka nyuzi za akiba kwenye chupa ya mchele mkavu, na alikuwa hajasoma darasa lolote la kemia.

Kwa IDEA sasa wanajaribu nyuzi za kaboni zilizopakwa metali, kwa kuwa waya wa mita 4 ni mgumu kuukaza vya kutosha bila kuukata. Nilipiga hesabu ya sauti yake pia: waya wa tangsteni wa mikromita 20, urefu huo, gramu 25, unatetemeka mara 25 kwa sekunde. Hausikiki vizuri kwa sikio la mtu. Ungeuhisi kifuani.

Mwezi uliopita nililisimulia darasa la kidato cha tatu. Msichana mmoja, ambaye mashine ile ikiwashwa atakuwa mama wa watu, akauliza: "Maalim, chemba ikishafungwa, waya ukikatika nani anaukaza?"

Nikamwambia hakuna. Ukikatika kabla ya kufungwa unavuliwa kwa uangalifu, kwa sababu ukibaki umeangukia jirani zake utazipiga shoti umeme ukiwashwa. Ukikatika baadaye, sehemu ile inazimwa umeme na kompyuta inaunganisha nyayo kwa tabaka zilizobaki, nazo ni 111.

Hakuridhika. Nikamkumbusha harusi ya jirani yetu mwezi wa tano, uzi uliponikatikia katikati ya wimbo. Akasema hakusikia kitu. Nikamwambia ndiyo, zilikuwa tatu, zikabaki mbili.